Sina Binti

Tarehe 9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima wewe na shemeji, na huyo Kibonge wenu. Ameshaota meno? Mwambie shangazi yake anamtumia busu, ila asimng'ate mtu atakayempelekea.

Mimi sijambo. Nimepata kazi kwenye hoteli, chini kabisa, chumba cha kufulia, ambako huwezi kujua kama nje kuna jua au mvua. Nimewekwa kwenye mashuka. Mwenzangu anashika pembe mbili, mimi mbili, tunasogeleana kukunja, tunaachana, tunasogeleana tena. Jioni mikono inanuka sabuni hata chakula hakina ladha nyingine. Lakini wananiita kwa heshima na hakuna anayeniuliza nilikuwa nani.

Nimekupigia simu mpaka yule mama wa mtandao anayesema "haipatikani" nimeanza kumwona ndugu. Una nini? Ndiyo maana nimempa barua Mama Mabegi, yule anayekuja huku kununua mitumba. Ni mzito wa safari, anaondoka akijisikia, lakini hapekuliwi, anajuana na kila mtu mpakani. Na wewe jibu lako mpe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 20 Juni blogu inatimiza mwaka. Unaamini? Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa bado nasoma habari redioni, naambiwa hii ruka, hii punguza, hii mheshimiwa hataipenda. Nikirudi nakuta saluni kwa baba watu wamekaa wanasema yote niliyoambiwa niyaruke mchana, tena kwa raha, na povu shavuni. Nikawa naandika tu wanachosema. Kiti cha Kinyozi, baba mwenyewe ndiye aliyenipa hilo jina, akiwa ameegemea ufagio, anacheka. Nani alijua itafika tulikofika? Ile ya vitanda vya zahanati ndiyo iliyoniponza. Dereva wa lori aliisimulia akinyolewa: vitanda vililetwa asubuhi, mheshimiwa akakata utepe, akapigwa picha amekaa kwenye kimoja, jioni vikapakiwa vikarudi vilikotoka. Niliandika neno kwa neno. Wiki haikwisha nikawa barabarani na mkoba mmoja.

Sasa wanaonisaidia kuiendesha kutoka huku wanataka makala ya kutazama nyuma, mwaka mzima ulituletea nini. Nafikiria.

Msalimie mzee.

Mdogo wako


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na mara kumi. Barua yako imechelewa njiani lakini imefika, na shemeji yako ameisoma mara mbili kwa sauti, ya pili kwa ajili ya Kibonge, ambaye ana meno manne na ameyajaribu yote kwenye kidole changu.

Usiucheke mwandiko wangu. Nilianguka ngazi nikiwa kwenye kazi, vidole viwili vya kulia vimekuwa na kiburi, havikunji. Waya nashika kwa kushoto, najifunza upya kama mwanafunzi. Simu nayo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Ndiyo maisha ya fundi umeme, siku nyingine vyote vinakuangukia pamoja.

Baba hajambo. Anakula. Usingizi ndio mdogo, lakini si unajua umri. Wateja wamepungua kiasi, watu siku hizi wananyoana nyumbani. Redio ya saluni ameizima, anasema inampa kichwa. Mle ndani sasa unasikia mkasi tu.

Nimeona umeandika "msalimie mzee". Tangu lini baba akawa mzee? Nilimfikishia hivyo hivyo. Akauliza kama huko mliko kuna baridi.

Kuhusu makala, nakuomba kama kaka. Andika vitanda, andika mheshimiwa, andika hata mashuka ya hoteli. Sisi tuache.

Kaka yako


Tarehe 30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kwa meno ya Kibonge. Pole kwa mkono. Kwa kweli nimekaa na barua yako nikiitazama, maana wewe tangu utoto unapanda paa kama paka, na leo unaniambia ngazi.

Sasa tuache kufichana. Nimeiona.

Niliiona kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza. Tulikuwa tunakunja, mwenzangu ameegemeza simu kwenye rundo la mataulo anatazama habari za kwetu, maana na yeye anatoka upande huo. Akasema, "Njoo umwone baba huyu, ana uchungu kweli." Nikaja na pembe zangu mbili mkononi. Alikuwa amevaa lile shati la bluu la harusi yako. Amekaa mbele ya pazia, kamera imemsogelea mpaka nikaona alipojikata kidevuni. Kinyozi, kajikata! Akasema: "Mimi sina binti. Nina mtoto mmoja, wa kiume. Huyo anayeandika uongo kwa jina la saluni yangu, kama aliwahi kulala kwangu, alilala kama mpangaji."

Mwenzangu akauliza, "Unamjua?" Nikamwambia hapana. Tukamalizia shuka.

Nimesubiri mwezi baada ya mwezi wewe uniambie. Ungesema lolote. Kwamba alilazimishwa, kwamba alikuwa na homa, kwamba alilewa, yeye ambaye hanywi. Unaniletea ndoo na ngazi. Nilikuachia mlango wazi kwa neno "mzee", ukaniuliza tangu lini.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Lile neno, mpangaji. Aliandikiwa? Kama aliandikiwa nitameza. Kama lilitoka kwake mwenyewe, basi ajue hata mimi nina kalamu. Watu wengi wanasoma pale, kaka, na wote wanajua kile kiti ni cha nani. Wananiuliza baba yako yu wapi siku hizi, mbona husemi habari zake. Nitasubiri jibu lako mpaka tarehe 20 Juni. Baada ya hapo naandika kama ninavyojua.

Mdogo wako


Tarehe 26 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Safari hii sianzi na Kibonge.

Barua yako imenifikia jana, na Mama Mabegi anaumwa mguu, anasema hajui atasafiri lini. Nimemsihi mpaka amenifukuza. Naandika hivyo hivyo, naomba Mungu iitangulie kalamu yako. Ukimaliza kusoma, ichome.

Sikuanguka ngazi. Siku ya pili baada ya wewe kuondoka nilikuwa juu ya dari kwenye nyumba moja mpya, navuta waya. Nikasikia watu chini wanamwuliza mwenye nyumba, fundi yuko wapi. Niliwaona kupitia tundu la taa. Viatu vyao vilikuwa safi mno kwa mahali penye saruji. Ningeweza kukaa kimya kule juu. Lakini walianza kumsumbua yule mzee mwenye nyumba, nikateremka.

Walinichukua wakanifungia, wakitaka niwaambie umepitia wapi. Sikuwa najua, na hata ningejua. Ya mkono sitaeleza. Shemeji yako hajaelezwa, na wewe usiulize.

Baba alikuja kila siku na chakula, kinarudishwa. Anakaa nje kwenye benchi, bakuli mapajani, mpaka wanafunga. Hatimaye bwana mmoja mwenye koti akamwita ndani akamwambia: mwanao anaweza kutoka, lakini tunataka kusikia kwako wewe, mbele ya watu, huyu binti ni nani kwako. Wakampa karatasi imeandikwa tayari. Akasoma. Bwana akasema hapana, unasoma kama mwanafunzi, hakuna atakayeamini, sema kwa maneno yako. Akarudia. Bado. Nilikuwa chumba cha pili, mlango uliachwa wazi makusudi ili yeye anione na mimi nimwone. Alinitazama, akautazama mkono wangu, akageukia kamera, akasema lile.

Umeuliza, nakujibu. Neno ni lake. Alilitafuta. Alitafuta neno ambalo mtu hawezi kulisema juu ya mwanawe kwa kuigiza, akalipata. Nilitolewa jioni hiyo hiyo.

Tulipofika akaniapisha, nisikuambie. Nilimwuliza kwa nini, acha ajue, atakuelewa. Akasema: "Akijua wewe ulikuwa ndani kwa sababu yake, atarudi kujipeleka. Simjui? Bora anione mimi shetani huko huko aliko."

Sasa nimevunja kiapo. Mdogo wangu, usiandike. Na usirudi.

Kaka yako


Tarehe 4 Julai

Kaka,

Barua yako nimeipata leo. Mama Mabegi amekuja anachechemea, ananiomba radhi kwa kuchelewa, mimi namtazama tu simwelewi.

Nimeandika. Ilitoka tarehe 20 kama nilivyosema. Inaitwa "Sina Baba".

Nilisubiri, naapa. Tarehe 19 nilishinda mlangoni kwa yule bibi anayempangisha chumba Mama Mabegi akija, mpaka akaniletea kigoda. Nikarudi nikaandika bila kunyanyuka. Ilikuja yenyewe, kaka, kwa urahisi ambao sasa unanitisha. Mwaka mzima niliandika kwa maneno ya watu wengine, wateja, madereva, walimu. Hii ilikuwa yangu. Nilianza na vitanda na uchaguzi, na wote walioahidi na kutoroka, halafu nikafika kwake. Niliandika: "Mwaka huu nimejifunza kuwa kuna wanaume wanaouza nchi na kuna wanaume wanaouza binti. Wa kwanza utawajua kwa magari yao. Wa pili anawanyoa ndevu wa kwanza." Niliandika kwamba marehemu mama alikuwa na bahati ya kufa mapema. Hilo niliandika, kaka. La mama.

Imesomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Watu nisiowajua wananitumia pole na hongera.

Nataka kuifuta. Nataka kuandika nyingine, yenye ukweli wote, benchi na bakuli na mlango ulioachwa wazi. Lakini mara ya mwisho nilifanya haraka, ona. Safari hii sigusi kitu mpaka nisikie kutoka kwako. Niambie nianzeje. Niambie mkono wako unaendeleaje, na usinifiche.

Na kama unanipenda, niambie hajaisoma.

Mdogo wako


Tarehe 28 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Kibonge anatembea kwa kushika ukuta. Mkono wangu utabaki hivi, daktari ameshasema. Nimeanza kuchukua kazi ndogo ndogo za pasi na feni. Nimekuambia bila kuficha, kama ulivyotaka.

Ameisoma. Au niseme amesomewa.

Nilikuwepo, namrekebishia taa ya kioo. Kuna mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Yule mwalimu wa hesabu alikuwa anasubiri zamu yake, anachezea simu, mara akaanza kusoma kwa sauti bila kujua inaelekea wapi. Si unamjua anavyopenda kusoma kwa watu. Ya vitanda wakacheka. Ya uchaguzi wakatikisa vichwa. Alipofika kwa baba akaishusha simu.

Baba alikuwa ameushika wembe juu ya shingo ya mtu. Akasema, "Endelea, mwalimu. Umeishia wapi?"

"Mzee, basi. Hayana maana."

"Nimesema endelea. Mwenye kuandika kaandika asomwe."

Mwalimu akasoma yote mpaka mwisho, na la mama pia. Baba akaendelea kunyoa, polepole, akamaliza shavu la pili, akampangusa mteja shingo, akamshikia kioo nyuma aone. Hakumkata hata kidogo. Mteja alipotoka akasema, "Anaandika vizuri. Hilo la ndevu ni kweli. Yule bwana wa koti niliwahi kumnyoa."

Halafu akaenda nyuma kufua taulo. Nilimfuata. Zilikuwa safi, anazifua tu. Akasema bila kugeuka, "Nenda kafunge taa yako." Nikaenda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Wiki iliyofuata bwana wa koti alikuja saluni. Akakaa, akaagiza ndevu. Akamwambia baba: "Pole, mzee. Nimesoma. Kumbe kweli mlikuwa mmeachana. Watoto wa siku hizi hawana shukrani." Baba akamjibu, "Hawana." Akamnyoa mpaka mwisho.

Toka siku hiyo yule kijana wa vocha aliyekuwa akikaa mbele ya nyumba yetu, ambaye mtu akiomba vocha anasema zimeisha, hayupo. Leseni yangu ya ufundi, waliyoichukua siku ile, imerudishwa. Unaelewa? Walikuwa hawajaamini. Miezi yote hii walidhani baba aliigiza, walikuwa wanasubiri umpigie, au umtaje kwa wema mahali, waje wanichukue tena. Wewe ndiye uliyewafanya waamini. Ukifuta, watajua. Ukiandika ukweli, wataukuta nyumbani kwangu, na mwanangu anatembea kwa kushika ukuta.

Nilimwambia baba kwamba unajua sasa, kwamba nilivunja kiapo. Nilidhani atanifukuza. Alikaa chini kwenye kile kiti chake cha kazi, kiti ambacho sijawahi kumwona amekikalia. Akauliza, "Alilia?" Nikasema kwa barua sikuona. Nikamwambia unataka kuifuta. Akanyanyuka. "Asithubutu. Mwambie aiache hapo hapo. Mwambie anichukie vizuri, asichoke njiani."

Nilimpa kalamu akuandikie mwenyewe hata mstari. Aliishika, akanirudishia. Akasema akianza hataweza kunyamaza.

Pole, mdogo wangu. Sina lingine la kukuambia.

Kaka yako


Tarehe 15 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Pokea shikamoo mbili, ile ya juzi nadaiwa. Nimecheka kwa Kibonge na ukuta wake. Shemeji mpe pole na ahsante, kwa yote ambayo hakuulizwa. Mama Mabegi nimemkanda mguu kwa maji ya moto ya hapa hotelini, ameahidi kurudi kabla mvua hazijaanza.

Andiko lipo. Sijaligusa.

Nilidhani kuliacha tu ndiyo kazi yenyewe, nikae kimya, lizeeke, watu wapate kulisahau. Haikuwa hivyo. Wenzetu wa kutoka nyumbani walioko huku wana ukumbi wao, wanakutana mara moja moja. Wakanialika niende niwasomee. Nikasema nina zamu. Wakaongea na msimamizi wangu, nikapewa ruhusa. Nikasema nina mafua. Wakasema tutakuletea dawa. Mmoja akasema, kwa mzaha tu, "Au umeshapatana na mzee wako?" Akanitazama akisubiri. Mle ndani, kaka, kuna watu, na watu wana ndugu zao, na maneno yana miguu. Nikamwambia niandalieni kipaza sauti.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, wengine wamesimama kando ya madirisha. Yule mwenzangu wa mashuka alikuja, amevaa vizuri, amekaa mbele. Sasa anajua baba yule alikuwa nani. Hajaniuliza kwa nini nilimwambia simjui.

Nilipofika kwa baba nilijua ningeweza kupitisha macho, niruke aya moja, hakuna ambaye angegundua. Nikamkumbuka anavyomwambia mwalimu aendelee. Nikaisoma. Ya nchi na ya binti, na ya ndevu. Ya mama nikaisoma kwa sauti ileile niliyokuwa nasomea habari redioni, sauti ya mtu ambaye hayamhusu. Kulikuwa na wazee wanajifuta macho. Nilipomaliza walisimama wakapiga makofi, na mama mmoja akanikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza, "Mungu atamlipa baba huyo." Nikasema amina. Nilikuwa namaanisha, kaka, kuliko alivyojua.

Hao wanaoendesha blogu wanasema mwaka wa pili uanze na barua ya wazi kwake. Nimewaambia nitaiandika. Nitaandika vizuri.

Usimwambie kuhusu mama yule wala amina. Mwambie nilisoma yote, sikuruka neno. Mwambie watu waliamini.

Mdogo wako